Ndege wa Matete ya Kilombero

Msafiri atokaye Mikumi, akiisha kuvuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu na kuyapita mashamba ya miwa, hubakiwa na kiasi cha kilometa 67 kufika Ifakara. Hiyo ndiyo njia waishikayo watafutao ndege watatu wasiopatikana popote duniani ila katika bonde la Kilombero.

Aliyejulikana kwanza ni mnana. Alionekana mwaka 1986 karibu na kivuko cha Ifakara, na mwaka 1990 Neil na Liz Baker wakatangaza sifa zake na jina lake la kisayansi, Ploceus burnieri. Dume ni wa manjano, ana weusi usoni, na kiota chake hukifuma katika matete ya kando ya mto.

Wawili waliobaki ndio waliowachosha wataalamu. Walikwisha kuonekana katika miaka ya 1980, lakini majina yao, Cisticola bakerorum na Cisticola anderseni, hayakutangazwa mpaka mwaka 2021, katika makala ya Jon Fjeldså na wenzake. Ni ndege wadogo wa rangi ya udongo, na jamaa zao ni wengi, wafananao mno kwa manyoya. Hivyo mtafutaji hutegemea sikio kuliko jicho. Tena maskani yao ni matete marefu, ambamo mtu akiingia hatua chache hamwoni hata mwenzake. Wala kuonekana tu hakutoshi: desturi ya elimu hiyo hutaka awepo ndege wa mfano aliyehifadhiwa, apate kulinganishwa na jamaa zake. Ndiyo sababu vitabu vya mwongozo viliwachora kwa miaka mingi nao hawajapewa jina.

Kukawia huko kuna hasara yake, maana ni vigumu kumtetea kiumbe asiyetambuliwa na orodha yoyote. Na makao yenyewe ni haba. Bonde liliingizwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Hata hivyo mashamba ya mpunga na makundi ya ng’ombe yamezidi kuyasogelea matete.

Upande wa lugha kazi ingalipo. Neno mnana hutumika kwa wafumaji wengi, si kwa huyu wa Kilombero peke yake. Wangefaa kuulizwa wavuvi wa mto huo, ambao husikia sauti hizo kila alfajiri, kabla ya mtu kukaa mezani na kuwabunia ndege majina.