Je, Wajua? Betri ya Gari Huliwa Ikiwa Imelala

Betri ya gari ikiisha chaji mara mbili tatu katika mwezi mmoja, mwenye gari huambiwa aende Barabara ya Kirinyaga akanunue nyingine. Akishaifunga ile mpya, gari linawaka papo hapo na kila mtu anaridhika. Miezi michache baadaye stata inaanza tena kugonga tik-tik-tik bila kuzungusha injini, na lawama zinarushwa kiwandani. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi betri hiyo haina kosa. Imeuawa na deni ambalo halikulipwa: umeme unatoka kidogo kidogo gari likiwa limeegeshwa, kisha haurudishwi wote gari likitembea. Na jinsi tunavyotumia magari Eastlands ya Nairobi, kuanzia Kayole na Umoja hadi Donholm na Buruburu, inalikuza deni hilo haraka.

Tukielewa kinachotokea ndani ya kile kisanduku, hoja hii haitaonekana ngeni. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza ya risasi inayochajika mwaka wa 1859, na kemia yake ndiyo hiyo hiyo tunayobeba chini ya boneti leo: mabamba ya risasi, mabamba ya oksidi ya risasi, na asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, salfa ya asidi huhamia kwenye mabamba na kuwa salfeti ya risasi, na kinachobaki katikati kinakaribia kuwa maji matupu. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kuwa asidi. Ukiiacha wiki kadhaa ikiwa na nusu ya chaji, chembe zake hukua, zikawa ngumu, na hazikubali tena kuyeyuka. Sehemu ya bamba iliyofunikwa na chembe hizo imekufa. Kwa hiyo betri iliyoachwa ikaisha mara tano si ile iliyotoka dukani, hata ukiichaji usiku kucha.

Sasa tutazame hesabu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Tumezoea kudhani kwamba kuwasha gari ndiko kunakomaliza betri. Stata ya gari dogo huvuta takriban ampea 150, lakini kwa sekunde mbili hivi tu kabla injini haijashika. Matumizi hayo hayafiki hata sehemu moja ya kumi ya ampea-saa moja. Betri ya NS60, inayofungwa kwenye magari mengi ya saluni, hubeba ampea-saa 45 ikiwa mpya. Upande wa pili, gari lililozimwa na kufungwa bado linakula: saa, alamu, kumbukumbu ya kompyuta ya injini. Gari zima kiafya huvuta kama miliampea 50 au pungufu, na hizo kwa siku moja ni ampea-saa 1.2. Maana yake ni kwamba kulala siku moja kunakula umeme wa kuwasha gari zaidi ya mara kumi. Na hapo hakuna ubovu wowote. Uvujaji ukipanda hadi miliampea 300, siku tatu zinatosha kuondoa karibu nusu ya betri. Wapo wengi Eastlands wanaopanda matatu Jumatatu hadi Ijumaa kwa kuogopa bei ya mafuta, gari likatoka mwishoni mwa wiki tu. Likiegeshwa Jumapili jioni na uvujaji huo, Jumamosi asubuhi limebakiwa na ampea-saa tano hivi, na hizo hazizungushi injini.

Miliampea 300 zinatoka wapi? Mshukiwa wa kwanza ni chochote kilichofungwa baada ya gari kushuka melini Mombasa. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na redio zake hubadilishwa kwa sababu ya lugha na masafa. Redio mpya huja na waya mbili za umeme: ya manjano, yenye moto wakati wote ili kutunza kumbukumbu, na nyekundu, inayopata moto ufunguo ukigeuzwa. Fundi mwenye haraka huzikunja pamoja, na tangu siku hiyo redio hailali. Traka nazo, ambazo wakopeshaji huzifunga kwenye gari la mkopo, zinakula mchana na usiku. Gari likipitia wakopeshaji wawili linaweza kuwa na mbili, moja haina kazi tena. Kuna pia altaneta yenyewe, mtambo unaoichaji betri injini ikizunguka. Diodi zake zikiharibika, umeme unarudi nyuma kutoka kwenye betri. Iguse asubuhi kabla ya kuwasha gari: ikiwa na uvuguvugu ilhali injini ni baridi, umempata mwizi. Pasipokuwa na dalili kama hiyo, fundi hufungua waya wa hasi na kuweka multimita katikati, anasubiri kama nusu saa kompyuta za gari zilale, kisha anachomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Asithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, la sivyo fyuzi ya mita itaungua.

Kuna atakayesema: mimi naendesha kila siku, saa nzima na zaidi Barabara ya Jogoo asubuhi na jioni, deni langu halilipwi vipi? Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake ni mwendo wa injini. Altaneta hutoa umeme wake wote injini ikizunguka kwa kasi. Kwenye msongamano, injini ikiunguruma tu mahali pamoja, hutoa sehemu ndogo ya uwezo huo. Jioni ya mvua, taa kubwa peke yake ni kama ampea tisa, na bado kuna feni ya rejeta, feni ya kukausha kioo, waipa na pampu ya mafuta. Kinachobaki cha kuilisha betri ni kidogo. Zaidi ya hapo, betri hupokea chaji ya mwanzo haraka, lakini ile robo ya mwisho huingia polepole kwa saa nyingi, na ni kuikosa robo hiyo kunakoyafanya mabamba yagande. Ndiyo maana naamini chaja ndogo ya kuchomeka ukutani, ikiachwa usiku mmoja kila mwezi, ni ununuzi wa maana kuliko betri ya pili.

Wengine hulaumu baridi ya Julai. Baridi hupunguza nguvu ya betri, ni kweli, ila adui mkubwa wa risasi na asidi ni joto, na Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, ina hali ya hewa ambayo betri ya Mombasa ingeitamani. Lawama kwa bidhaa zenyewe zina msingi zaidi. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima imepoteza sehemu ya chaji yake yenyewe, kwa hiyo soma tarehe kabla ya kulipa. Halafu kuna magari mapya zaidi, kama Mazda Demio, yanayozima injini yenyewe kwenye taa na kuiwasha tena. Hayo yana betri maalumu, na ukiyafungia ya kawaida haitadumu. Lakini hata betri bora kabisa italiwa na redio isiyolala.

Dawa ya mtaani ya kuongeza asidi haiponyi. Kinachopungua kwa joto ni maji, hivyo kinachoongezwa ni maji yaliyosafishwa. Salfa iliyopotea haikutoka nje, imo kwenye mabamba. Kusafisha ule ukoko mweupe wa kijani kwenye vichwa vya betri kwa maji moto na magadi ni bure, na wakati mwingine ndiyo tiba yote.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu betri iliyokufa ina risasi ya kilo kadhaa, na risasi hiyo huenda mahali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu, wakiwemo watoto. Phyllis Omido, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwao, aliongoza mapambano na kupata Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa kuupindua uamuzi huo, Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayemwaga asidi mtaroni Kayole ili kupunguza uzito wa mkokoteni anaanza safari hiyo hiyo. Maduka mengi ya betri hupunguza bei ukiyarudishia kuukuu, kwa hiyo irudishe ikiwa na asidi yake ndani; na kabla ya kulipia mpya, fundi akupimie miliampea zinazotoka gari likiwa limelala, na volti za altaneta injini ikinguruma, ambazo zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5.