Pikipiki Imegoma: Haizunguki au Haiwaki?



Wiki hii tunajifunza Kiswahili cha gereji. Hapa Jebel Ali pikipiki tunaziona kila siku zikileta chakula na vifurushi, na kwa baadhi yenu anayeziendesha ni baba, kaka au mjomba. Mkienda nyumbani likizo, bodaboda ndiyo itakayowatoa stendi hadi kwa bibi. Anayelipwa kwa safari, pikipiki ikigoma asubuhi, siku yake imeharibika. Na kule vijijini, mama akishikwa na uchungu usiku, mara nyingi bodaboda ndiyo inayomfikisha zahanati. Kwa hiyo jambo hili si la fundi peke yake.

Kwanza lugha. Watoto wengi husema, "Pikipiki haiwashi." Tuseme, "Pikipiki haiwaki." Kuwasha ni kazi ya mtu, kuwaka ni kazi ya injini. Baba anawasha pikipiki, lakini haiwaki. Kinachowasha bila kushikwa na mtu ni upele!

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Mimi ni muuguzi, na kazini kwetu mgonjwa hapewi dawa kabla ya kuulizwa na kutazamwa. Pikipiki nayo tuiulize swali moja: ukibonyeza stata, injini inazunguka au haizunguki? Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake ni tofauti.

Ugonjwa wa kwanza: injini haizunguki

Washa swichi ya ufunguo, kisha tazama taa na usikilize.

Kama taa zote zimezima, umeme haufiki. Angalia fyuzi na vichwa vya betri. Huenda vimelegea, au vimeota unga mweupe au wa kijani. Hapa tuko karibu na bahari, na hewa ya chumvi hula chuma upesi.

Kama taa zinawaka vizuri lakini stata iko kimya, usikimbilie kununua betri. Angalia swichi nyekundu ya kuzima injini, iliyo mkono wa kulia. Mara nyingi mtoto ameichezea ikabaki imezimwa. Kisha hakikisha gia iko nyutro, klachi imebanwa na stendi ya pembeni imepandishwa. Pikipiki nyingi za siku hizi hukataa kuwaka mpaka hayo yatimie, ili zisimrushe dereva.

Kama unasikia "tak-tak-tak" na taa zinafifia, betri imechoka. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika hupimwa kama volti 12.6 au zaidi. Ikishuka chini ya 12, imekwisha chaji. Joto letu la kiangazi hupita nyuzi 40, nalo huzeesha betri mapema kwa kukausha maji yake na kuharibu sahani za risasi zilizo ndani. Ndiyo maana betri iliyodumu miaka Arusha kwenye baridi inaweza kufa upesi hapa.

Ukitoa betri, fungua waya wa hasi kwanza. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Hivyo hata spana ikigusa bodi ya pikipiki, haitapiga cheche. Vua pete na saa. Betri nyingi zina asidi. Ikikurukia ngozini au machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, na kama ni jicho, nenda hospitali.

Pikipiki yenye kiki ina bahati, maana unaweza kuipiga kiki hata stata ikishindwa.

Ugonjwa wa pili: inazunguka lakini haiwaki

Fikirini jiko la mkaa la bibi. Linataka mkaa, kiberiti na hewa. Injini nayo inataka petroli, moto na hewa. Kikikosekana kimoja, haiwaki.

Petroli: usiamini geji peke yake, fungua tangi utazame. Pikipiki za kabureta zina koki ya mafuta, nayo huenda imefungwa. Kama kufungua mfuniko wa tangi kunafanya pikipiki iwake, basi tundu la hewa la mfuniko limeziba. Zile zisizo na kabureta zina pampu ya umeme. Ukiwasha ufunguo, sikiliza sauti ndogo "zzz" kwa sekunde chache. Usipoisikia, mwambie fundi.

Moto: mafundi wakisema "plagi haitoi moto," wanamaanisha ile cheche inayochoma petroli. Angalia kama kofia ya plagi imekaa vizuri. Plagi ikiwa nyeusi kwa masizi au imelowa petroli, isafishe au ibadilishe. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imelewa mafuta: acha kubonyeza stata na uiache ipumzike dakika kadhaa. Kupima cheche karibu na petroli tumwachie fundi.

Hewa: vumbi la jangwani huziba kichujio. Kitoe ukitazame dhidi ya mwanga.

Stata usiishikilie zaidi ya sekunde tano kwa mara moja. Pumzika, kisha jaribu tena, la sivyo utaongeza ugonjwa wa kwanza juu ya wa pili.

Na dereva je?

Pikipiki inaweza kusubiri, mtu hawezi. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 sheria hapa inazuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, kwa sababu joto huua. Ikigoma barabarani, isogeze mbali na magari, kaa kivulini, kunywa maji kidogo kidogo, ndipo uanze kuikagua. Usiisukume kwenye barabara kuu. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuanguka, ngozi ikiwa ya moto sana, piga simu 998, mpoze kwa maji na mpepee. Na kamwe msiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wake una sumu isiyonuka.

Kazi ya nyumbani

Watoto, mpigieni simu babu, bibi au mjomba na mumwulize: "Pikipiki ikigoma huko kwenu, mnaanza kuangalia nini?" Andikeni majibu yake kwa sentensi tano, mkitumia kuwasha, kuwaka, kuzima, kugoma na kuzunguka. Wazazi, msiwasahihishe katikati ya simu. Waacheni waongee kwanza.

Tutaonana darasani, inshallah.