Saa ya Mzamiaji, Jua la Meru

Ndugu msomaji, kama umevaa saa mkononi, itazame. Ni saa ngapi? Sasa nikuulize swali la pili, ambalo mimi sikujiuliza mpaka nikadaiwa funga tatu: jua la mji uliopo lasema nini?

Yangu ni Seiko 5 Sports, niliyoletewa na binamu yangu kutoka Dubai. Si saa ya tajiri. Jina la Seiko 5 ni la tangu 1963, na saa ya kwanza ya wazamiaji Wajapani hao waliitoa 1965. Hii yangu ni ya toleo lililoanza 2019. Sura yake ni ya mzamiaji, lakini imeandikwa mita 100 tu. Yafaa kuogelea, si kuzamia na mtungi wa hewa. Nami sizamii. Nauza kanzu, kofia na leso, na kazi hiyo hunipandisha Embu na Meru, penye mvua, matope na vumbi jekundu. Huko saa ya dhahabu ni ya kufichwa mfukoni. Hii naivaa nikifungua robota, nikitawadha, hata nikilala.

Uso wake umezungukwa na pete yenye alama za dakika 60, nayo huzunguka upande mmoja tu. Mzamiaji akishuka, huielekeza alama ya pete kwenye akrabu ya dakika. Pete ikigongwa mwambani, itamwonyesha kuwa muda mwingi zaidi umepita, kamwe haitamwonyesha mchache. Basi atapanda mapema, wala hatakwisha pumzi chini ya maji. Hekima hiyo niliiona ndogo nilipoelezwa. Baadaye niliikumbuka.

FUNDI WA EMBU

Aliyenieleza ni fundi saa wa kando ya barabara mjini Embu. Nilikuwa nimelala homa siku mbili na ushei. Nilipoinuka, saa imesimama. Nikamwendea mbio nikidhani imekufa.

Saa hii haina betri wala haidai kutiwa ufunguo kila asubuhi. Ndani mna kipande cha chuma mfano wa nusu mwezi. Mkono ukitikisika, nacho huzunguka na kuikaza kamani. Kamani ikijaa, saa hutembea muda wa saa 41, kisha hulala. Fundi aliitikisa kidogo, ikaanza kwenda. Hakunitoza hata senti.

"Saa haikuugua, bwana," akaniambia. "Aliyeugua ni wewe."

Tena ina tabia ya kwenda mbele. Yangu hukimbia kiasi cha sekunde 20 kwa siku. Kwa juma moja ni dakika mbili na zaidi. Kwa hivyo kila Ijumaa kabla ya swala huitia majira sawasawa. Nikawa najigamba kwamba saa yangu haikosi.

DENI LA SIKU TATU

Ramadhani ya 2024, iliyoanza kabla ya katikati ya Machi, ilinikuta Meru. Mkobani nilikuwa na ratiba ya swala niliyotoka nayo Mombasa. Chumba changu kilikuwa mbali na msikiti, njia ya Nkubu, na adhana haikunifikia. Jua nalo silioni: mji wa Meru umeegemea Mlima Kenya, na magharibi yake ni mlima na mawingu. Jua hujificha kabla halijatua. Basi nilitazama karatasi, nikatazama saa, nikatia tende kinywani. Siku tatu.

Siku ya nne mzee mmoja Muislamu wa pale sokoni alinialika futari. Nilipoinua tende, akanishika mkono.

"Mwanangu, bado."

Nikamwonyesha saa.

"Saa yako ni ya kweli," akasema. "Karatasi yako ndiyo ya wapi?"

Tulingoja kimya, uji ukifuka mvuke. Dakika ya nane, adhana.

Hesabu yake si ngumu. Meru iko magharibi ya Mombasa kwa kiasi cha digrii mbili, na kila digrii moja jua huikata kwa dakika nne. Serikali imeipa Kenya nzima saa moja, lakini jua halikutia sahihi. Na tofauti hiyo haikai mahali pamoja: kwa kuwa Meru iko kwenye Ikweta na Mombasa kusini yake, mwezi wa Juni hufika kama dakika 15, na Desemba hupungua mpaka karibu kutoweka.

Nasi watu wa pwani tulipaswa kulijua hilo kuliko wengine. Akrabu iko kwenye sita, ulimi wetu wasema saa kumi na mbili, kwa sababu twahesabu kwa kucha na kuchwa. Ulimi wangu uliukumbuka mchana, mwenyewe nikausahau.

Maalim niliyemuuliza alinijibu kwa upole kwamba siku zile nilipe. Nimezilipa, moja baada ya nyingine.

Saa bado ninayo, na kioo kimeshapata mikwaruzo. Ila nikishuka garini Embu au Meru siku hizi, kabla ya kutafuta chumba natafuta ratiba ya msikiti wa mji. Na nikiwa na shaka, nafuata ile pete ya mzamiaji: kama ni kukosea, nikosee upande wa salama.