Aliona watu 72 wakiuawa, akachagua kulea watoto: Maggy Barankitse ni nani?

Ukivuka mpaka wa Mabamba, wilayani Kibondo, unaingia Burundi upande wa Ruyigi. Kiha na Kirundi vinaelewana, watu wanasalimiana bila mkalimani. Lakini mwishoni mwa 1993 waliovuka hapo walikuwa wanakimbia.

Iko hivi. Oktoba 21, 1993 wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuongoza Burundi. Mauaji ya kulipizana yakasambaa, na maelfu wakakimbilia Kibondo na Kasulu.

Mjini Ruyigi, Maggy Barankitse alikuwa akifanya kazi ofisi ya askofu. Ni Mtutsi, na tayari alikuwa akilea watoto saba: wanne Wahutu, watatu Watutsi. Wahutu walipoanza kusakwa, aliwaficha uaskofuni.

Oktoba 24 wauaji wakafika. Walikuwa Watutsi wenzake. Walimpiga, wakamfunga kwenye kiti, wakaua watu 72 mbele ya macho yake.

Watoto wake saba walinusurika. Na akiwa bado kwenye hali hiyo, alitoa pesa kuwakomboa watoto wengine 25. Hana nyumba, hana mpango, ana watoto zaidi ya 30.

Upendo wenye kazi

Ukisikia neno "upendo" unaweza kudhani ni kusamehe tu na yaishe. Kwa Maggy ilikuwa kazi ya kila siku, kuanzia chakula cha jioni.

Alianzisha Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani. Haikuwa kituo cha yatima tulichozoea. Watoto waliishi kwenye nyumba ndogo ndogo kama familia, Wahutu na Watutsi pamoja, huku ndugu zao waliobaki wakitafutwa ili warudi kwenye ardhi ya wazazi.

Hapo ndipo penye ugumu. Kurudi kijijini ni kuishi jirani na watu ambao huenda walishiriki kuua familia yako. Ndiyo maana Maggy hakuishia kwenye kulea. Alijenga sinema na bwawa la kuogelea, na mwaka 2008 ikafunguliwa hospitali ya Rema. Bwawa la nini kwenye mji uliotoka vitani? Watoto walioona yale nao wanataka kucheza.

Na upole wake haukuwa wa kunyamaza. Mwaka 2015 alipinga waziwazi muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, ikabidi akimbilie Rwanda. Mwaka huohuo Warundi walijaa Nyarugusu, Kasulu, hadi kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena.

Akiwa mkimbizi, alianza upya kuwahudumia Warundi wenzake, wakiwemo wa kambi ya Mahama. Mwaka 2016 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Aurora, iliyokuja na dola milioni 1 za kuyapa mashirika aliyoyachagua yeye.

Tangu Septemba 2017, Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao kutoka Nduta na Nyarugusu. Wapo wanaoshuka kwenye basi na kukuta shamba la baba linalimwa na jirani, na jioni hiyohiyo inabidi wateke maji kisima kimoja.