Baiskeli Kwenye Mteremko

Barabara za Nyakasimbi zina vilima. Ukipeleka ndizi Kayanga kwa baiskeli, kupanda unasukuma. Hatari iko kwenye mteremko. Mpira wa breki ukilika au ukilowa mvua haushiki vizuri, na uzito wa mikungu unakusukuma. Jaribu breki kabla ya kuteremka. Hazishiki? Shuka, tembea. Mimi hushuka hata nikiwa na haraka.

Mwenzako akianguka akavunjika mguu, usiukande wala usiunyoshe. Uwekee fimbo mbili zilizoviringishwa nguo, toka pajani hadi unyayoni. Funga juu na chini ya palipovunjika, usikaze sana. Vidole vikiwa baridi, legeza. Msimpakie kwenye baiskeli: mguu ukining'inia, mfupa waweza kukata mshipa wa damu. Mbebeni kwa machela mpaka zahanati.