Sukuma, Vuta: Kani Mikononi mwa Mtoto

Kani ni msukumo au mvuto. Kitu kilichotulia hakiondoki, na kilicho mwendoni hakisimami wala hakipindi kona, pasipo kusukumwa au kuvutwa. Mtoto wa miaka mitatu halijui neno hilo, lakini kazi yake anaijua barabara: huvuta kanga ya mama, husukuma pembeni bakuli la uji asioutaka. Ndiyo maana somo hili halihitaji kuanzia ubaoni. Linatosha swali moja, linalorudiwa kila mtoto anapogusa kitu: hapo umesukuma au umevuta?

Mlango ni mwalimu mzuri. Mtoto ausukume kwanza kwenye ukingo ulio mbali na bawaba. Utafunguka kwa kidole kimoja. Kisha ausukume karibu na bawaba, mtu mzima akiwa ameushika usibane vidole. Safari hii atakaza meno. Anayesukuma katikati ya ukingo na bawaba anahitaji kani mara mbili ya anayesukuma ukingoni. Hesabu hiyo si ya umri wake, lakini tofauti ataihisi kiganjani.

Watoto wa pwani wana maabara yao: kuti la mnazi lililokauka. Mmoja hukaa kwenye sehemu pana ya kuti, wenzake hushika ncha na kukimbia nalo mchangani. Wakiacha kuvuta, kuti halichukui muda kusimama, kwa sababu mchanga unasuguana nalo. Msuguano huo nao ni kani, na daima hupinga mtelezo. Aliyewahi kujaribu kulisukuma kuti kwa nyuma anajua kwamba kulivuta ni nafuu. Anayevuta huku ncha ikiwa imeinuka hulipunguzia kuti uzito kidogo, na msuguano hupungua. Anayesukuma akiwa ameinama hulikandamiza mchangani.

Ndani ya mwili mambo ni ya ajabu zaidi: misuli haisukumi kabisa. Kazi yake ni kujikaza, kufupika na kuvuta mfupa. Mkono ukikunjwa, huvuta misuli ya mbele, juu ya kiwiko. Ukinyooshwa kusukuma mlango, huvuta ile ya nyuma. Mtoto anaweza kulihakiki hilo mwenyewe. Akandamize meza kwa kiganja kimoja, na kwa mkono wa pili ashike nyuma ya ule unaokandamiza, juu ya kiwiko. Atasikia nyama ikiwa ngumu. Kila msukumo wa mwanadamu, hata teke la mpira, huanza na mvuto.

Kinachowatatiza wengi, wakubwa kwa wadogo, ni kani isiyozaa mwendo. Mtoto akisukuma ukuta mpaka akatoka jasho, atasema hakuna kilichotokea. Kani ipo, na ukuta nao unamsukuma kwa kiasi kilekile. Akikaa kwenye kiti cha magurudumu na kuusukuma ukuta kwa miguu, atarudi nyuma yeye, na hapo ubishi huisha. Kanuni hiyo ni miongoni mwa kanuni tatu za mwendo alizozichapisha Mwingereza Isaac Newton mwaka 1687.

Kani nyingine hazingoji kugusana. Sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, ikiburutwa mchangani, mara nyingi huibuka na manyoya ya chembe nyeusi za madini ya chuma. Nyingine huirukia kabla hazijaguswa. Dunia nayo huvuta kila kitu kuelekea chini, embe lililoiva likiwamo. Mtoto hasemi kwamba embe limevutwa; husema limeanguka. Hapo mwalimu asiwe na haraka ya kumsahihisha, maana mvutaji haonekani.

Kipimo cha kani huitwa nyutoni, kwa heshima ya huyohuyo Newton. Kilo moja ya sukari huvutwa na dunia kwa takriban nyutoni 10, na dumu la lita 5 lililojaa maji kwa takriban nyutoni 50. Mtoto akilinyanyua dumu hilo na kulishikilia likatulia, mkono wake unalivuta kwenda juu kwa nyutoni hizohizo 50, ingawa kwa anayetazama, kilichopo ni mtoto amesimama na dumu la maji.