Mafuta Yakiisha, Usimshike Mwenzio Uchawi

Ugomvi wa pesa ya mafuta umeingia ndani ya nyumba nyingi siku hizi. Jumatatu baba anaweka ya shilingi 30,000, Jumatano taa inawaka. Swali la kwanza kwa mama: "Ulipitia wapi?" Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mara umempa nani lifti, mara una mtu wako Nyegezi.

Nina marafiki hapa Butimba, mke na mume, waliofikia kutosemeshana wiki nzima kwa sababu ya Toyota IST ya otomatiki. Fundi alipoingia tu akaonesha kidole kwenye dashibodi: taa ya "O/D OFF" inawaka, na hakuna kati yao aliyejua kazi yake.

Iko hivi jamani. IST zile za mwanzo, zilizotoka kuanzia 2002, zina gia nne. Ukiminya kitufe kilicho ubavuni mwa mkono wa gia na taa ile ikawaka, gia ya nne imefungwa. Kwenye foleni ya Mkuyuni huoni tofauti kubwa. Lakini ukishika barabara ya Usagara, injini inazunguka sana bure, mafuta yanaliwa. Ifunge milimani tu: gari halibabaiki kubadili gia, na ukiteremka injini inasaidia breki. Ukifika tambarare, ifungue.

Na ile tabia ya kuweka N kwenye mteremko eti unabana matumizi? Acha kabisa! Injini za injeksheni, ukiachia pedeli ya mafuta huku uko kwenye D, hukata mafuta zenyewe kwa muda. Kwenye N zinaendelea kunywa, na mzigo wote unabaki kwa breki.

Oili ya giaboksi nayo usinunue kwa kuangalia rangi. Gari la CVT, lile linalotumia mkanda badala ya gia za hatua, lina oili yake. Ukiweka ya kawaida unaua giaboksi. Fuata kitabu cha gari.

Kwa hiyo kabla ya kupekuana simu, pimeni. Jazeni fulu tanki, andikeni kilomita, tembeleeni siku kadhaa, jazeni tena. Gawanyeni kilomita kwa lita mlizoongeza: 300 kwa 25 ni kilomita 12 kwa lita. Namba ikishuka ghafla, mwiteni fundi. Ikiwa namba ni ileile ila kilomita zimezidi safari mnazozijua wote wawili, basi hilo si la fundi tena. Kaeni chini, mzungumze kwa heshima.